Jalada la mwalimu wa mtoni: barua ya wazi kwa Katibu wa Tume ya Utumishi wa Walimu

Katibu,
Tume ya Utumishi wa Walimu,
Dodoma.

Ndugu Katibu,

YAH: MAISHA YA WALIMU WASTAAFU WA MWAMBAO WA MTWARA NA MLANGO WA MTO RUVUMA



Tume yako, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ndiyo yenye majalada ya walimu wa serikali. Ndani ya jalada mna barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja, za uhamisho, na kama mwalimu aliwahi kuteleza, hati ya mashtaka. Mwishoni kinakaa kibali cha kustaafu. Yote hayo ni ya lazima, na sina ugomvi nayo. Lakini nikipewa jalada la mwalimu aliyefundisha Mahurunga au Kitaya tangu ujana wake hadi uzee, nitajua alilipwa kwa daraja gani na kuanzia lini. Sitajua alifundishaje.

Chukua kijana wa huku kwetu aliyemaliza darasa la saba mwaka 1975. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe madarasani ifikapo 1977, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Basi serikali ikawachukua vijana wa darasa la saba na kuwapa madarasa vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanasoma wenyewe, kwa masomo ya posta na ya redio, na mkufunzi akiwapitia. Watu wakawaita walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, na jina lilikuwa na kejeli, kama ile waliyopewa wadogo zao wa kozi fupi miaka ya 2000, tuliowaita "voda fasta".

Hapo ndipo jalada linapokoma na habari yenyewe inapoanza. Kijana huyu alifungua rejesta katika kijiji ambacho pengine kilikuwa na umri wa mwaka mmoja au miwili, maana Operesheni Vijiji ilikuwa ndiyo kwanza imewahamisha watu. Ng'ambo ya mto vita vya Frelimo dhidi ya Wareno vilikuwa vimekwisha juzi tu, Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975, na familia zilizokimbilia upande wetu zilianza kurudi na watoto wao. Rejesta ya mwaka huo lazima ilikuwa na majina mengi yaliyokatwa. Jioni akaingia kisomo cha watu wazima, na wanafunzi wake sasa ni wajomba zake. Kwa mila za jando, kijana wa miaka kumi na minane hamkosoi mjomba mbele ya watu. Yeye alitakiwa kumwambia kwamba herufi yake imepinda. Alifanyaje? Lipo jibu, na liko kichwani mwa watu waliofikisha miaka 60 na kustaafu kwa lazima kati ya 2015 na 2020.

Ajabu ni kwamba walimu wa zamani zaidi tunawafahamu vizuri kuliko hawa. Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walipofika Masasi mwaka 1876, pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walikuja na desturi ya kuandika kila kitu. Ndiyo maana leo twaweza kumfuatilia Cecil Majaliwa, Myao aliyetiwa utumwani utotoni, akasomeshwa Kiungani, Unguja, akapewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali. Nyaraka za misheni hiyo zimehifadhiwa Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Anayetaka habari za mwalimu wa kusini wa miaka ya 1890 apande ndege. Anayetaka za mwalimu wa mwaka 1977 hana pa kwenda ila barazani kwa mwenyewe, akimwahi.

Msimbati nayo ina habari yake. Wageni wanaijua kwa sababu ya Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyejitangazia dola lake pale mwishoni mwa miaka ya 1950 na kujiita sultani. Kisa hicho kimesimuliwa sana, na nakiri kinachekesha. Baadaye Msimbati ikajulikana kwa gesi ya Mnazi Bay na bomba lililoipeleka Dar es Salaam. Waliowafundisha watu wa Msimbati kusoma, katika miaka iliyopita kati ya sultani na gesi, hawamo popote.

Huenda utaniambia haya ni mambo ya wanahistoria. Sidhani. Kila mwaka mwalimu mpya kutoka Kagera au Kilimanjaro anapangiwa kusini, anashuka stendi ya Mtwara na begi lake, na hakuna aliyemweleza kitu. Anaita mkutano wa wazazi, baba anakuja, anaitikia kila jambo, na mtoto haonekani tena shuleni. Mwalimu mzee angemwambia mapema: kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, kamwone mjomba. Angemwambia jinsi ya kugawana saa na mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa kuwa watoto wengi wa pwani hii hushika msahafu kabla ya kushika daftari, na shule iliyogombana na chuo ilibaki na madawati matupu. Angemwonya kuhusu unyago unaovuka likizo, na kuhusu Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka na mahudhurio nayo yakaanguka. Na angemweleza kwamba juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako mchanga humeza mvua yote na mto hakuna, jambo la kuuliza kabla ya nyumba ya mwalimu ni maji yanatoka wapi. Ujuzi huo ulipatikana kwa miaka 40. Tunauaga kwa godoro na mabati, kisha tunamwacha kijana aanze upya.

Kuna na mambo mazito zaidi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, masika yalipochachamaa mkoa huu ulikatika na nchi, na mshahara na chaki vilingoja pamoja. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakashambulia Kitaya. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa kijiji kilichochomewa nyumba anawaambia nini wanaporudi darasani? Ningependa mtu amuulize, tena sasa, siyo baada ya miaka 40.

Sasa nifike kwenye ombi, na kwenye ugumu wake. Tume ni mamlaka ya nidhamu. Mwalimu aliyeishi miaka yote akiogopa bahasha yenye muhuri wenu hatawaeleza nyinyi kuhusu fimbo alizopiga, wanafunzi hewa aliowaandika kwa shinikizo, binti wa darasa la sita aliyepata mimba na yeye akanyamaza. Bila hayo, tutakachopata ni risala ya kumuaga. Kwa hiyo naomba Tume isirekodi. Ifungue mlango tu. Mwalimu anapoomba kibali cha kustaafu, ofisi yenu ya wilaya imuulize kama yu radhi kusimulia maisha yake. Akikubali, jina liende Chuo cha Ualimu Mtwara au Stella Maris, na wanachuo wamfuate nyumbani na kinasa sauti. Tume itamke kwa maandishi kwamba yatakayosemwa hayatagusa pensheni ya mtu. Msimulizi awe na haki ya kufunga sehemu yoyote kwa miaka atakayotaka. Nakala moja ibaki shuleni alikofundisha, nyingine iende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Walimu wa chuo cha Kurani na wa kisomo hawako chini yenu, najua. Wanachuo wakishakuwa kijijini, wawapitie nao.

Kwa waliokwisha kustaafu, Katibu Msaidizi wa Wilaya anaweza kupata majina yao katika majalada aliyo nayo. Aanze na Mahurunga, Kitaya, Kilambo na Msimbati, na aanze Juni, kwa sababu mvua zikishanyesha Desemba njia za mtoni hazina uhakika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mikindani

Nakala: Afisa Elimu Mkoa, Mtwara