UCHUMI UNAKUA AU UNAKUZWA?

Kijana mwenzangu, kabla hujafunua ukurasa wa mwisho kutafuta habari za Simba na Yanga, nipe dakika tano. Nataka tuzungumze habari ya herufi moja tu, herufi Z. Hiyo ndiyo inayotenganisha "kukua" na "kukuza", na hapo katikati ndipo wengi wetu tunapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Kukua hakuhitaji msemaji. Mtoto akikua, suruali inapanda juu ya vifundo vya miguu na mtaa mzima unaona. Hakuna mzazi anayeita waandishi wa habari kutangaza kwamba mwanawe ameongezeka urefu.

Kukuza ni kitu kingine. Nyuma yake kuna mtu. Mama hukuza mwana, na hiyo ni sifa. Mpiga picha hukuza picha, ile ya pasipoti ikawa ya kutundika ukutani, lakini aliyepigwa hajaongezeka hata kilo moja. Na mzushi naye hukuza jambo. Watu wawili wakisukumana Kariakoo, habari ikifika Tandika tayari kuna maiti! Neno ni lile lile, kazi ni tatu. Mjanja ni yule anayejua ametumiwa lipi.

Wazee wetu hawakuwa maskini wa maneno. Walisema "kutia chumvi", maana chumvi kidogo hukoleza mchuzi, ikizidi huliki. Walisema unga "umeumuka", na muuza maandazi yeyote atakwambia unga ni ule ule, kilichoongezeka ni hewa. Wakasema "kujitutumua" na "kutunisha misuli". Vijiweni tukaongeza "fiksi" na "kamba", na siku hizi jamaa akijiona tunasema "anavimba".

Lakini neno kali kuliko yote ni "kupiga chuku". Shuleni tuliambiwa ni tamathali ya semi, tukakariri, tukafanya mtihani, basi. Hatukuambiwa kwamba chuku ni ile pembe ya kuumikia. Mganga huibandika mwilini, nyama ikainuka na kuvimba, damu ikatoka. Umeona? Mahali palivimba, lakini mgonjwa hakunenepa. Alipungukiwa!

Sasa tuje kwenye mkate wetu.

Septemba 2014 Kenya ilitangaza kwamba uchumi wake ni mkubwa kwa asilimia 25 kuliko ilivyodhaniwa. Watu walilala na uchumi mdogo wakaamka na mkubwa. Kilichobadilika ni mwaka wa kipimo, kutoka 2001 hadi 2009. Tanzania nayo ikafanya hivyo Desemba mwaka huo huo, kutoka 2001 hadi 2007. Huo si wizi. Ni kipimo kipya, na kipimo kipya ni halali. Lakini siku ile hakuna bodaboda aliyepata abiria mmoja zaidi.

Kuhusu mwaka 2018, serikali ilisema uchumi ulikua kwa asilimia 7. Julai 2019 Benki ya Dunia ikasema hapana, ni asilimia 5.2. Miezi mitatu kabla yake, ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ilikuwa imekosa ridhaa ya serikali ili ichapishwe, ikavuja. Na sheria ya takwimu ilikuwa imeshafanyiwa mabadiliko mwaka 2018, ikawa kosa kutoa takwimu za kuzikanusha zile rasmi. Ilikuja kulegezwa Juni 2019, baada ya kelele nyingi.

Sitasimama hapa kuhukumu nani alipima sawasawa. Nauliza jambo moja. Kitu kinachokua kweli kinahitaji askari wa kukilinda kwa nini?

Utaniambia, "Bwana wee, 7 na 5.2 ni ugomvi wa wasomi, mimi unanihusu nini?" Unakuhusu sana. Chukua kalamu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka. Keki ikikua kwa 7 na midomo ikiongezeka kwa 3.2, kipande cha kila mmoja kimeongezeka karibu 4. Keki ikikua kwa 5.2, kipande kimeongezeka 2 tu. Nusu! Huo "ugomvi wa wasomi" ulikuwa juu ya sahani yako.

Julai 2020 tukaambiwa tumeingia uchumi wa kipato cha kati. Ni kweli, kile cha kati cha chini. Mstari ulikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, sisi tukapimwa 1,080. Gawa kwa siku 365, hazifiki dola tatu kwa siku. Na huo ni wastani. Kigogo akila kuku mzima na wewe ukimtazama, wastani wenu ni nusu kuku kila mmoja. Shiba sasa!

Lakini tusijidanganye. Ugonjwa huu hauna kadi ya chama. Sisi tunaodai mabadiliko tunaujua vizuri. Mwaka 2015 kila mkutano uliitwa "mafuriko", na picha zilikuzwa mpaka uwanja wa mpira ukawa bahari. Tume ikatangaza asilimia 58 kwa Magufuli na karibu 40 kwa Lowassa. Ilalamikie tume utakavyo, zipo sababu. Lakini aliyekuja kutazama helikopta hakuwa kura, na tuliomhesabu kama kura tulijipiga chuku wenyewe. Anayetaka serikali iseme kweli aanze na kuhesabu vizuri watu wa mkutano wake.

Basi, akija mtu jukwaani, awe wa kijani au wa rangi nyingine, akakwambia ajira zimekua, barabara zimekua, chama kimekua, muulize maswali matatu. Kimekua kutoka ngapi? Nani amepima, na mwingine anaruhusiwa kupima tena? Na kwa kila mdomo ni kiasi gani? Akijibu, mpigie makofi. Akikasirika, jua pembe imeshabandikwa.

Na ukifika nyumbani, jitazame suruali. Kama umekua, utaiona imekuwa fupi. Lakini kama kila mwezi unatoboa tundu jipya kwenye mkanda ili isidondoke, ndugu yangu, aliyekua ni mtu mwingine.