Je, Kipakatalishi Unakihitaji Kweli?

Wengi mjini siku hizi huchukua hata mkopo ili wawe na kipakatalishi. Ushauri wangu kama daktari ni huu: kabla ya kununua, jiulize utakitumia wapi.

Ikiwa unafanyia kazi meza moja kutwa, kompyuta ya mezani itakufaa zaidi. Kasoro ya kipakatalishi ni kwamba skrini na kibodi ni kitu kimoja. Ukikiweka panapofaa mikono, skrini huwa chini, nawe huinamisha shingo kwa saa nyingi. Hapo ndipo maumivu ya shingo na mabega huanzia. Ukikiinua panapofaa macho, mikono huchoka. Na ukikipakata kila siku, joto lake laweza kuacha madoa ya kahawia kwenye mapaja.

Anayekihitaji ni yule ambaye kazi yake husafiri naye: mwanahabari, mkaguzi wa hesabu, mwanafunzi wa chuo. Huyo na anunue pia kibodi na kipanya vya kando, ainue skrini hadi usawa wa macho, hata kwa vitabu, na kila dakika 20 atazame mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20.

Wewe mwingine, weka pesa zako. Jirani kuwa nacho si sababu ya kuumiza shingo.