Makala ya fizikia hainunuliwi

Mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika uliwashwa Kinshasa, mwaka 1959. Leo mwalimu wa fizikia huku mashariki anaombwa dola kwa simu, eti makala yake itoke katika jarida kwa siku tatu. Huo ni wizi, ndugu wasikilizaji! Jarida la kweli hupeleka kazi kwa wataalamu kwanza, waisome, waikosoe, wairudishe, na hiyo ni miezi. Physics Education, la Uingereza, lina njia ambayo mwandishi halipi hata franga moja. Wanaolipa ni wasomaji. Mbona wakubwa wa vyuo hawawaambii asistanti wao? Wengine, siku ya kupandisha cheo, wanahesabu makala tu, hawazifungui.

Na mwalimu aliyekimbia vita, anayefundisha kambini kwa jiwe linaloning'inia kwenye kamba, anacho kile ambacho jarida kama hilo linatafuta: jaribio rahisi, vipimo vyake, na pale wanafunzi walipokosea. Aandike. Kiingereza kikimshinda, mwalimu wa lugha amsaidie. Dola zake zibaki za unga wa watoto.