Vitambaa vyeusi vilivyowagharimu wachezaji 14 wa Wyoming

ILICHUKUA miaka 50 kwa Chuo Kikuu cha Wyoming, nchini Marekani, kuwaomba radhi rasmi wachezaji 14 weusi waliofukuzwa katika timu yake ya futiboli ya Kimarekani mwaka 1969. Radhi hiyo, iliyotolewa Septemba 2019, iliwarejeshea heshima, lakini haikuweza kuwarudishia misimu waliyoipoteza.

Chanzo cha mkasa huo kilikuwa mchezo dhidi ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, kinachomilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wakati huo halikuwapa ukuhani wanaume weusi. Oktoba 17, siku moja kabla ya mchezo, vijana hao walimwendea kocha wao, Lloyd Eaton, wakiwa wamevaa vitambaa vyeusi mikononi, ili wajadiliane naye namna ya kuonyesha kutoridhika kwao. Eaton, ambaye alikuwa amewakataza wachezaji wake kushiriki maandamano, aliwafukuza wote.

Vijana hao hawakuwa wamegoma kucheza. Waliadhibiwa kwa kuuliza tu, na kila mlango waliobisha ukabaki umefungwa. Wadhamini wa chuo na Gavana Stanley Hathaway walisimama na kocha. Mwaka 1972, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho nayo ilikubaliana na chuo kwamba taasisi ya umma ilikuwa na haki ya kuzuia vitambaa hivyo uwanjani, ili isionekane kuegemea upande katika masuala ya dini.

Hata hivyo, uamuzi uliodaiwa kulinda nidhamu uliibomoa timu yenyewe. Wyoming, iliyokuwa haijafungwa msimu huo, ilishinda michezo miwili iliyofuata, kisha ikapoteza yote minne iliyobaki. Mwaka 1970 ilishinda mchezo mmoja tu kati ya 10, na Eaton akaachia ukocha.

Kanisa lenyewe liliondoa katazo hilo mwaka 1978, na kuanzia mwaka 2020 limeshirikiana na baadhi ya wachezaji hao kugawa chakula kwa wahitaji. Waliotofautiana kwa imani waliweza hatimaye kuketi pamoja. Chuo kilichowaalika vijana hao kwa ufadhili wa masomo, kikataka na ukimya wao juu yake, ndicho kilichochelewa kuliko wote.