"ALIKUBALI MWENYEWE" SI NENO LA MFANYA KAZI



Kila inapofika habari ya msichana wa Kenya aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumbani, akanyang'anywa pasi yake, akafungiwa ndani na kufanyishwa kazi usiku na mchana bila mshahara, wako kati yetu wanaosema: "Si alikubali mwenyewe? Nani alimshika mkono?" Neno hilo tunalikataa. Si la kweli, wala haliwafai watu wa chama.

Sisi wafanya kazi tunajua maana ya kukubali. Mtu hukubali kazi akiisha kuambiwa kweli: ni kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, na akichoka aweza kuacha. Aliyeahidiwa kazi ya hoteli, akafika akakuta utumwa wa jikoni, alikubali nini? Alikubali uwongo wa dalali. Hata Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupinga biashara ya kuuza watu yasema hivyo. Palipo hila, vitisho au nguvu, kukubali kwake aliyeuzwa si kitu. Na akiwa ni mtoto, hakuna haja hata ya kuuliza kama alidanganywa. Mwenye kuuza watu akipatikana na hatia hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Pale Mombasa, Kengeleni, kengele ya Freretown ingali ipo. Mji ule ulianzishwa na wamisheni wa C.M.S. mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa, na kengele ilipigwa kuwaonya kwamba wauza watumwa wanakuja. Zamani hizo adui alijulikana. Leo hakuna mnyororo. Dalali ni jirani, au rafiki wa shule, au shangazi, naye huja na maneno matamu na nauli mkononi. Anayeuzwa hununuliwa tikiti kama abiria mwingine, na jamaa zake humwaga kwa furaha. Basi kengele ya leo ni macho yetu na vinywa vyetu.

Na tuseme wazi jambo linalouma. Utumwa hauko Uarabuni peke yake. Mtoto wa miaka 11 huletwa Nairobi kutoka mashambani kwa ahadi ya kusomeshwa. Akifika, badala ya kitabu hupewa ndoo, na mtoto wa kubeba mgongoni. Yeye ni wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Nyumba nyingine za namna hii ni za wafanya kazi. Mtu hawezi kusimama mkutanoni kudai mshahara wa haki, kisha jioni akapikiwa na mtoto asiyelipwa wala kusomeshwa. Waajiri wakituona hivyo watatucheka, na hatutakuwa na la kujibu.

Tufanye nini?

Kwanza, ndugu akitaka kwenda ng'ambo, tumwulize: Mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha unayoijua? Wakala wako ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Asiyekuwa na majibu asipande ndege. Anayepewa viza ya matembezi ili akafanye kazi, huyo ameanza kudanganywa hapa hapa. Na kila anayesafiri aache nyumbani nakala ya pasi na ya mkataba.

Pili, sisi wa reli huona abiria wengi kila siku. Tukiona mtu mzima anaongoza watoto wasiojua jina lake wala waendako, au mtu mmoja ameshika vitambulisho vya wasichana wote, tusigombane naye. Tukumbuke behewa, kisha tumwambie askari wa stesheni upesi. Habari za mtoto hupokelewa kwa simu namba 116 bila malipo.

Tatu, anayerudi asichekwe. Wengi hunyamaza kwa haya na kwa madeni ya nauli, na kunyamaza kwao ndiko kunakompa dalali nafasi ya kumchukua mwingine. Wajue kwamba sheria haimhukumu mtu kwa kosa alilotendeshwa kwa sababu ya kuuzwa. Mwanachama amsindikize polisi, asiende peke yake. Na wafanya kazi wa nyumbani wana chama chao, KUDHEIHA. Tuwaelekeze huko.

Ndugu, chama chetu kimesimama juu ya neno moja: mfanya kazi huuza kazi yake, hauzi nafsi yake. Tukilinyamazia neno hili kwa ajili ya mtumishi wa jikoni, tusishangae siku moja likisahauliwa kwa ajili yetu.

UMOJA NI NGUVU.