Bustani ya jiji ikipotea, mwili wako unapoteza nini?

Kila mara mpango wa ujenzi unapogusa bustani au msitu jijini Nairobi, mjadala hugawanyika: wengine wanadai maendeleo, wengine wanatetea mazingira. Jambo linalosahaulika ni afya. Tena ni afya yako wewe, hata kama hujakanyaga bustani hiyo mwaka mzima. Makala haya yanaeleza kwa nini, na unachoweza kufanya tangazo la ujenzi likibandikwa mtaani kwako.

Mjadala huu una historia

Mwaka 1989 serikali ilipanga kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alipinga, akaandika barua, na akakejeliwa hadi bungeni. Mwishowe wawekezaji wa nje walijiondoa na mradi ukafa. Januari 1999 alishambuliwa na kujeruhiwa yeye na wenzake walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini. Mwaka 2020, wakati barabara ya juu ya Nairobi Expressway ikijengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulinusurika baada ya wananchi kupiga kelele.

Ukitembea Karura leo, au ukipumzika kwenye nyasi za Uhuru Park, unatumia kitu ambacho karibu kipotee.

Bustani inafanya kazi gani mwilini?

Kwanza, inakupa mahali pa kutembea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, na mtoto dakika 60 kwa siku. Kutembea kwa kasi kunatosha, na husaidia kuzuia shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo. Ushauri huo ni rahisi kuutoa kliniki. Kuufuata ni vigumu mahali ambapo njia ya miguu imejaa bodaboda na mtoto anacheza mpira kati ya matatu.

Pili, miti hupunguza joto. Lami, mabati na saruji hufyonza joto mchana na kulitoa usiku. Kivuli, pamoja na maji yanayotoka kwenye majani, hupoza hewa. Wanaoumia zaidi na joto ni wazee, watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa wa moyo.

Tatu, udongo ulio wazi hunywa maji. Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, familia nyingi zilizoishi kando ya mto Mathare zilipoteza makazi. Eneo lililofunikwa kwa saruji humwaga maji yote kwa mpigo, na maji hayo yakichanganyika na ya vyoo huleta hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo. Bustani peke yake haizuii mafuriko, lakini kila kipande kinachofunikwa huongeza mzigo kwa mtu anayeishi chini ya mteremko.

Nne, inatuliza akili na kukutanisha watu. Tazama Jeevanjee Gardens katikati ya jiji: watu huketi, hujadili siasa, hupumzika bila kulazimika kununua chochote. Upweke na msongo wa mawazo ni mambo ya kiafya pia.

Lakini watu si wanahitaji nyumba?

Wanahitaji, na nyumba bora ni afya pia. Familia inayobanana katika chumba kisicho na dirisha iko katika hatari kubwa ya kifua kikuu. Kwa hiyo anayetaka nyumba si adui wa miti. Swali la haki ni hili: kwa nini ardhi inayotolewa iwe ya umma kila mara, na nani atakayeishi katika majengo hayo? Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Majengo ya ghorofa yasiyo na mahali pa wazi huhamisha tatizo tu, kutoka chumbani hadi barabarani.

Shirika la UN-Habitat, lenye makao yake makuu hapo hapo Nairobi, linapendekeza asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iachwe kuwa maeneo ya wazi ya umma, mbali na barabara. Ofisi ya WHO ya Ulaya inapendekeza kila mkazi awe na eneo la kijani ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, yaani mwendo wa dakika tano hivi. Jipime: kwako ni dakika ngapi?

Tukubali pia kwamba bustani mbovu haisaidii. Isiyo na taa, choo wala usalama haitatumiwa na wanawake na watoto. Na mahali panapotozwa kiingilio, familia ya watoto wanne hupiga hesabu ya unga kwanza. Kulinda bustani ni pamoja na kuuliza ni nani anayeweza kuingia.

Unaweza kufanya nini?

Ukiona tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, lisome siku hiyo hiyo na upige picha. Angalia tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Kisha uliza kwa maandishi:

- Ardhi hii imeandikishwa kwa jina la nani, na kwa matumizi gani?
- Tathmini ya athari za mazingira imefanywa? Inasema nini kuhusu maji ya mvua?
- Watoto watacheza wapi ujenzi ukianza?
- Miti itakayokatwa ni mingapi, na mingine itapandwa wapi?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kuthibitisha kwamba umekwisha kuumia. Na kama unafanya kazi kliniki, au wewe ni mhudumu wa afya ya jamii, nenda kwenye kikao cha maoni ya umma. Wewe ndiye unayejua ni wangapi wanaokuja kupimwa presha kila wiki, na ni wangapi kati yao wana mahali pa kutembea.