Nguruwe wa Cairo

Wako wasemao kuwa hofu wakati wa maradhi haina lawama, kwa sababu mwenye hofu hujihadhari. Hoja hiyo haisimami mbele ya mambo yaliyotendeka Misri mwaka 2009. Homa ya mafua ilipozuka Meksiko ilipewa jina la nguruwe. Na jina hilo liliutangulia ugonjwa wenyewe kufika Cairo. Mwezi wa Aprili serikali iliamuru nguruwe wote wa nchi, wapatao 300,000, wachinjwe. Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja, na Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kuwa homa ile ilienezwa na watu. Hasara iliwaangukia Zabbalini, wazoa taka wa mji, wengi wao Wakristo wa Kikopti katika nchi ya Waislamu wengi, ambao nguruwe wao walikula mabaki ya vyakula yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba. Walipinga, nguruwe walichinjwa vivyo hivyo. Je, hiyo ndiyo hadhari? Hadhari humwendea adui aliko. Hofu hii ilimwendea mnyonge aliye karibu. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa Juni: mtoto wa kike aliyewasili kutoka Marekani. Kabla ya mwaka kwisha, mabaki yale yalikuwa yakioza katika njia za Cairo.